Daftari la Depo

Timothée alikuwa na kichwa kilichovimba, na hakuna sababu ya kumfichia. Mtu akae miaka mitano akisomea kompyuta katika mji ambao umeme huja unapotaka na kuondoka unapotaka, amalize, apate diploma, kisha wazee waliomzidi miaka thelathini waanze kumwita fundi. Ni vigumu kichwa kibaki na ukubwa wake wa zamani. Mwaka ule wa vita vya ng'ambo alikuwa na miaka ishirini na sita. Parokia moja ya katikati ya Kisangani ilimwomba atengeneze programu ya simu ya kuandikishia wakimbizi, naye akaitengeneza kwa wiki tatu. Siku ya kuionyesha alivaa shati alilolivaa kwenye harusi ya dada yake.

Vita vyenyewe vilikuwa vya ardhi. Ng'ambo ya mto, nyuma ya Lubunga, mtaa wa ukingo wa pili, majirani waliooleana tangu enzi za babu zao waligeuziana mapanga, nyumba zikachomwa, na watu wakaingia mjini na magodoro vichwani. Shule za Lubunga zikafungwa kwa masomo na kufunguliwa kwa kulala. Huku upande wa mjini, parokia iliunda kamati ya msaada ya watu kumi, mwenyekiti wake Papa Alphonse, inspekta wa shule aliyestaafu, mtu aliyezoea kuongea polepole kana kwamba kuna mwanafunzi anayenakili. Kamati iligawa mchele, maharage na maturubai kwa kufuata orodha. Familia iliyomo kwenye orodha ilipata jeton, kile kipande cha kuchukulia mgao. Isiyokuwemo iliambiwa irudi wiki ijayo, na njaa, kama mnavyojua, haina wiki ijayo.

Orodha ilijazwa na watu wanane waliojitolea, kila mmoja na simu ya kamati. Saba walikuwa vijana wa chuo. Wa nane alikuwa Mama Josée, mjane wa miaka hamsini na ushei, mtu wa mto kutoka Yanonge, aliyeuza samaki wa kukaushwa katika soko la Lubunga. Alichaguliwa aandikishe shule moja ya Lubunga kwa sababu aliishi kule kule na alijua kusema na kila mtu kwa lugha yake. Vijana walichekeana chinichini walipoona anavyobonyeza simu kwa kidole gumba kilichokomazwa na moshi, na Timothée alicheka nao. Alimfundisha mara tatu. Kila mara Mama Josée alisema "Aksanti, mwana," na kila mara Timothée alijibu kwa sauti ya mtu mwenye subira nyingi mno.

Sasa, ile programu. Kila simu ilikuwa na hifadhidata yake ndogo tumboni, ili mtu aweze kuandika hata mahali pasipo na mtandao. Orodha kubwa ilikaa kwenye kompyuta ya parokia. Simu ikipata mtandao, hizi mbili zinapaswa kulinganishwa zifanane. Na hapo ndipo fundi yeyote hujiuliza: zikitofautiana, nani anasema kweli?

Timothée hakujiuliza. Jibu alilinyonya na maziwa. Baba yake, Papa Maurice, alitoka Butembo miaka mingi iliyopita akafungua depo ya sabuni, biskuti na betri karibu na soko kuu, na alikuwa na vibanda vinne vilivyochukua bidhaa kwake. Kila kibanda kilikuwa na daftari lake, na depo ilikuwa na lile kubwa lenye jalada jeusi. Kila Jumamosi wauzaji walileta madaftari yao. Palipotofautiana, Papa Maurice hakubishana wala hakuuliza. Alichukua kalamu nyekundu akafuta lile dogo. "Daftari ya depo ndiyo inasema," alikuwa akiwaambia. "Ile ingine inasikiliza." Timothée aliyasikia maneno hayo kabla hajajua kusoma.

Basi akaiandika sheria hiyo hiyo ndani ya programu. Simu ikipata mtandao, kwanza ichukue orodha ya parokia, kisha ijisahihishe ilingane nayo. Chochote kilichomo kwenye simu na hakimo parokiani kihesabiwe kuwa ni makosa na kiondolewe. Alimweleza hata baba yake, na mzee, ambaye kwa miaka mitano hakuelewa mwanawe anasoma nini, aliitikia kwa kichwa akasema, "Ah, bon. Kumbe unafanya kazi." Timothée alitembea na sentensi hiyo mwezi mzima.

Programu ilifanya kazi vizuri. Vijana saba walikuwa wakiandikisha upande wa mjini, penye mtandao, na kila familia ilipanda parokiani dakika ile ile ilipoandikwa. Lakini mnara wa simu wa Lubunga ulikuwa umekosa mafuta ya jenereta tangu vita vianze. Majina ya Mama Josée hayakupanda popote. Yalikaa kwenye simu, yakingoja avuke mto.

Alivuka siku ya Ijumaa, wiki mbili baada ya kuanza. Kamati ilikuwa imekaa kwenye ukumbi mdogo wa parokia, na mgao ulikuwa kesho yake. Fortunée, katibu wa kamati, alifungua orodha kwenye kompyuta ili asome hesabu ya kila mahali. Mangobo, familia tisini na mbili. Kabondo, sitini. Alipofika Lubunga akainamia kioo.

"Lubunga iko zéro," alisema.

Watu wote wakamgeukia Mama Josée. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili akiitazama kama mtu aliyefungua kapu lake na kulikuta tupu.

"Zilikuwa humu," alisema. "Familles mia moja makumi ine na tatu. Zote niliandika."

Papa Alphonse alichukua simu, akaitazama, akaipitisha kwa jirani yake, naye akaipitisha. Ilizunguka meza nzima mpaka ikamfikia Timothée. Hamkuwa na kitu.

"Fundi," Papa Alphonse alisema, "utuambie. Hii machine inaweza kupoteza majina?"

Tuseme ukweli wake hapa, maana mwenyewe alichelewa kuusema. Timothée hakujua bado ni nini kilichotokea. Lakini alihisi kama pale unapotoka nyumbani na kuwaza kwamba hukufunga mlango. Angeweza kusema: ngojeni niangalie. Maneno mawili tu. Lakini watu kumi walikuwa wakimtazama, na alikuwa fundi.

"Machine haipoteze kitu hivi hivi," alisema. Akamgeukia Mama Josée kwa ile sauti yake ya subira. "Mama, pengine ulikuwa unaandika, lakini haukufinya Enregistrer, ile ya kuhifadhi."

"Nilifinya, mwana."

"Kila famille?"

"Kila famille."

Timothée aliinua mabega kidogo. Mabega yalitosha. Kijana mmoja wa chuo akakohoa kuficha kicheko. Papa Alphonse akamwambia Fortunée aandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba majina ya Lubunga yamepotea kwa uzembe wa mwandikishaji, kwamba shule ile haitapata mgao wa wiki hiyo, na kwamba kazi itarudiwa. Fortunée akaandika. Wajumbe wakatia sahihi. Mama Josée akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akasema "Aksanti," akatoka.

Jumamosi, mchele ukigawiwa upande wa mjini, Timothée alikaa kwenye depo ya baba yake kati ya makatoni ya sabuni, kompyuta magotini. Wauzaji walikuwa wamekuja na madaftari yao. Alikuwa akiipitia programu mstari kwa mstari, huku akisikia kalamu nyekundu ikikwaruza karatasi mezani kwa baba yake, na mkono wake ukasimama. Aliuona mstari. Alikuwa ameuandika mwenyewe, na juu yake aliweka maelezo kidogo ya kujipongeza. Mama Josée alipofika parokiani, simu ilipata mtandao, ikaiuliza kompyuta ina nini kutoka Lubunga, ikaambiwa hamna kitu, nayo ikajisahihisha ikalingana na hamna kitu. Familia mia moja arobaini na tatu zilifutwa kwa utiifu mkubwa.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alitazama huku na huku kama mwizi, ingawa hapakuwa na mtu anayemwangalia. Angepanda toleka mara ile, dakika kumi tu kwa baiskeli hadi parokiani. Badala yake alifanya lile ambalo mafundi hulijua sana: alirekebisha. Akabadilisha sheria, sasa simu ipeleke kwanza vilivyomo ndipo ichukue vya parokia, na isifute chochote bila kuuliza. Akaijaribu mara ishirini. Jumatatu aliingiza toleo jipya kwenye simu zote nane. Fortunée alipouliza limebadilika nini, alijibu, "Vitu vidogo vidogo."

Kisha akajitolea kwenda ng'ambo na Mama Josée kurudia orodha. Papa Alphonse akamsifu mbele ya watu kwa moyo wake. Akaagiza mama aulize maswali, na fundi ashike simu, ili safari hii kila kitu kifinywe inavyopaswa.

Jumanne asubuhi walianza. Shule ilikuwa na madarasa kumi na manne, na kila darasa familia kumi au kumi na moja, zimetenganishwa kwa madawati yaliyosimamishwa na vitambaa. Harufu ya moshi, mikojo ya watoto na lituma ya ndizi iliyokuwa ikitwangwa uani. Mama Josée alisimama kwenye mlango wa darasa la kwanza, akavua ndala zake. Timothée alidhani ataanza na maswali: jina, kijiji, watu wangapi.

"Batu ba Mungu," alisema, "munisamehe. Majina yenu mi nilipoteza. Mi mwenyewe. Ni juu yangu mulikosa muchele. Naomba pardon, na naomba tuandike tena."

Timothée alitazama simu.

Mama akaenda kwa familia ya kwanza, akachuchumaa, akarudia yale yale, maana msamaha unaoombwa kwa kundi zima yeye aliuona haujakamilika. Kisha akauliza jina. Timothée akaandika. Ukurasa wa kila familia uliishia kwenye nafasi ya maoni iliyoitwa Observation, na yeye mwenyewe alikuwa ameifanya iwe ya lazima. Bila kuijaza, programu ilikataa kuhifadhi.

"Niandike nini hapa?" alimwuliza.

"Andika: Josée aliomba pardon. Balimusamehe."

Akaandika. Familia ya pili akaandika tena. Ya tatu tena. Wapo waliosamehe upesi, wakampa hata kigoda. Wapo waliosamehe kwa ncha ya ulimi. Bibi mmoja alimshika mkono akamwambia kwamba macho ya utu uzima hayaoni vitufe, asijali, na Mama Josée, mwenye macho ya kumtambua samaki wa jana kutoka hatua kumi, alijibu, "Ndiyo, mama, macho." Kila mlango Timothée alijiambia: hapa nitasema. Alikuwa nayo tayari mdomoni. Kisha mtu angemtazama na kumwita fundi, naye angeiandika sentensi ile kwa kidole chake mwenyewe.

Kwenye darasa la tatu palikuwa na seremala mmoja aliyeitwa Daudi, mtu mrefu mwenye mkono uliofungwa kitambaa, na watoto wanne. Alimsikiliza Mama Josée mpaka mwisho bila kupepesa.

"Uliuzisha majina yetu," alisema. "Batu banasema. Ulikula jeton zetu na ndugu zako ba mto. Batoto bangu balilala njaa juu yako."

"Jeton sikukula, papa. Lakini njaa, uko na haki. Ni juu yangu."

Daudi akatema mate chini. Yaliangukia karibu na miguu ya mama isiyo na viatu.

Hapo Timothée, macho yakiwa kwenye simu, alifungua mdomo hatimaye. "Papa," alisema, "ile siku réseau ya simu ilikuwa mubaya. Haikuwa kabisa juu ya mama."

Ilikuwa nusu ya nusu ya ukweli, na ilitoka kwa sauti ya mtu anayemtetea mama mkongwe kwa huruma. Mama Josée aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa muda, kama anayengoja mtu amalize sentensi. Timothée hakuimalizia.

"Fundi anataka kunisaidia," mama akamwambia Daudi. "Ana roho muzuri. Lakini kosa ni yangu." Kisha, bila kugeuka: "Andika, mwana. Josée aliomba pardon. Balikatala."

Akaandika. Balikatala.

Walimaliza Jumatano alasiri. Familia zilikuwa zile zile mia moja arobaini na tatu. Mama Josée hakuhitaji kuhesabu, alijua. Wakapanda mtumbwi wa mota kuvuka kwenda parokiani. Wenzao walikuwa mama wa mihogo wawili na polisi mmoja aliyesinzia. Mama Josée aliomba simu, akaifungua, akaanza kupitisha kidole juu ya majina, midomo ikicheza. Alifanya hivyo taratibu, kwa urahisi kabisa, bila kukosea kitufe hata kimoja.

"Kila jioni nilikuwa nasoma hivi," alisema. "Nyumbani, kiisha kufunga samaki. Nasoma majina yote, nawaombea. Hata ile vendredi ya kikao nilisoma, humu humu ndani ya pirogue. Yalikuwa yote. Kiisha tulifika, simu ikakamata réseau, na majina yakaanza kwenda mbele ya macho yangu. Moja, moja. Kama mwalimu anafuta tableau."

"Mama," Timothée alisema, "mbona haukusema?"

"Kusema kwa nani? Fundi alikuwa amekwisha kusema."

Mota ilinguruma. Mama wa mihogo mmoja alikuwa akisimulia habari za mkwe wake.

"Nilijisemea, huyu ni mutoto wa batu," Mama Josée akaendelea. "Sitamuhaibisha mbele ya bakubwa. Atarudi nyumbani, ataangalia, atasema mwenyewe. Nikangojea samedi, siku ya mgao. Lundi nikaona mumeleta machine mupya, nikajua umeona. Nikasema, bon, anatafuta saa muzuri. Nikakungojea ku kila mulango, mwana. Ku kila mulango nilikufungulia nafasi." Akazima simu, akaifuta kwa ncha ya khanga, akampa. "Sasa nimechoka kungojea."

Alisema hivyo bila ukali, na ingekuwa nafuu kama angemtukana. Timothée alitamani mto umchukue. Alitaka kusema pardon, lakini neno lile alikuwa ameliandika mara mia moja arobaini na tatu kwa jina la mtu mwingine, na sasa lilikataa kutoka. Walipofika parokiani alibonyeza Synchroniser, kitufe cha kulinganisha orodha. Majina yakapanda vizuri, yote, na Observation zake zote. Mama Josée hakubaki kuyaangalia.

Ijumaa hakuja kikaoni. Timothée alisimama kabla kikao hakijafunguliwa, akasema yote: ule mstari, Jumamosi kwenye depo, lile toleo jipya, vitu vidogo vidogo. Alisema machine ilipoteza, na aliyeitengeneza ni yeye. Alipomaliza alijiandaa kupokea chochote.

Wakampigia makofi.

Ndiyo, makofi. Papa Alphonse aliinuka kabisa kitini. Alisema vijana wa siku hizi wakikosea hukimbia, na kwamba huyu ametoa somo. Kijana wa chuo aliyekohoa wiki ile alimpiga Timothée bega. Timothée alisimama katikati ya sifa zile akitamani kuziba masikio. Alijua, na hakuna mwingine ukumbini aliyejua, kwamba alisubiri mpaka akajua kuwa anajulikana, ndipo akawa jasiri.

"Na ile ya vendredi yenye ilipita?" Fortunée aliuliza, kalamu mkononi. "Tuliandika uzembe wa Mama Josée. Nifute?"

Papa Alphonse alifikiri. "Ile procès-verbal imekwisha kutiwa signature," alisema. "Kitu chenye signature hatufute. Mama ataelewa. Alors, tuendelee."

Timothée aliisikia kalamu nyekundu. Aliisikia kabisa, ikikwaruza, na safari hii hakuwa upande wa meza alikozoea kukaa. Alisema ifutwe. Alisema mara ya pili, kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa mbele ya wazee. Papa Alphonse akamwambia kwa upole kwamba amechoka, akamwomba achape orodha ya Lubunga kwa ajili ya mgao wa kesho.

Akaenda kuichapa. Kurasa zilitoka moja moja, na mwishoni mwa kila mstari palikuwa na sentensi ile. Josée aliomba pardon. Josée aliomba pardon. Balimusamehe, balimusamehe, balikatala. Mama aliisema kwa mdomo tu, na upepo wa shule ungeichukua. Yeye ndiye aliyeipeleka kwenye daftari la depo, mahali panaposemwa kweli. Na yeye ndiye mtu pekee mjini aliyeweza kuifuta. Amri moja, mstari mmoja, na safu nzima ingekuwa nyeupe kabla Fortunée hajamaliza kukunja karatasi. Aliweka vidole kwenye kompyuta. Kisha akaviondoa, maana aliona kwamba alikuwa karibu kurekebisha tena kimyakimya.

Alivuka mto. Mama Josée alikuwa sokoni nyuma ya meza yake, akigeuza samaki ili jua liwapige upande wa pili. Mbele ya meza za jirani walisimama wanunuzi. Mbele ya yake hakuna. Timothée alimsimulia kikao chote, hata makofi, hata sahihi. Safari hii neno pardon lilitoka. Alilisema mara mbili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Ni muzuri, monsieur Timothée," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Timothée alisimama akingoja lile neno jingine, mwana, alilokuwa akilipokea bure kila siku na kulijibu kwa subira. Halikuja.

"Na ku shule," mama aliuliza, "umekwisha kusema?"

"Bado."

"Haya," alisema, akarudi kwa samaki wake.

Shuleni, kwenye mlango wa darasa la tatu, Timothée alivua viatu. Alianza na Daudi kwa sababu ndiye aliyemwogopa zaidi, na alijua akianza na yule bibi wa macho, angesamehewa haraka na kurudi nyumbani. Akachuchumaa. Akasema kwamba Mama Josée hakupoteza jina hata moja, kwamba yeye ndiye aliyeyafuta, kwamba alijua, na kwamba alisimama pale siku nzima akijua.

Watoto wanne wa seremala walikuwa wakila mahindi kutoka bakuli moja nyuma yake.

"Nakukumbuka," Daudi alisema. "Nilimutemea mama mate, na weye uliangalia simu."

"Ndiyo," Timothée alisema. "Niliangalia simu."

Alingoja. Daudi hakuongeza kitu. Basi akaifungua familia ya Daudi kwenye simu, akashuka mpaka Observation, akaandika chini ya yale maneno ya Jumanne: Timothée aliomba pardon. Hakujibiwa. Akahifadhi, akasimama, akaenda kuchuchumaa mbele ya kitambaa cha jirani. Zilibaki familia mia moja arobaini na mbili.